Namba isiyopigiwa haina nafasi katika saraka ya pamoja ya BBS

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wanaofufua BBS, yaani ule ubao wa matangazo unaopigiwa simu kwa modemu, kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu, na hasa wanaoweka ndani yake programu ya saraka ya pamoja. Wengi huanza kwa kutafuta orodha ya namba ya miaka ya 1990, wanaipakia yote kama ilivyo, kisha wanawafungulia wapigaji. Hilo ni kosa, tena linawaumiza watu ambao hawana habari kabisa na modemu. Namba ya simu ikiachwa na mwenyewe haiozi, hupewa mtu mwingine. Iliyokuwa ya BBS mwaka 1994 leo inaweza kuwa inaita kando ya kitanda cha mtu aliyelala.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana na kitu hiki: Ward Christensen na Randy Suess waliwasha BBS ya kwanza mjini Chicago Februari 1978, na tangu zilipoanza kuwa nyingi, kila mpigaji amekuwa na swali moja: nyingine ziko namba gani? Saraka ni programu ndogo inayofunguliwa kutoka kwenye menyu. Waendeshaji huiita mlango, kwa sababu mpigaji anatoka kwenye BBS yenyewe na kuingia kwenye programu nyingine. Humo anaona jina la kila BBS, namba, kasi ya modemu, saa za kazi na mambo yanayozungumzwa huko, na anaweza kuongeza anayoijua yeye. Ni ya pamoja kwa maana mbili. Laini mbili au zaidi za BBS moja zinaandika kwenye faili moja, na BBS kadhaa zinapelekeana rekodi usiku. Kila upande una ugonjwa wake, na magonjwa yote mawili huishia palepale: jina sahihi, namba ya mtu mwingine.

Nianze na faili. Chukua kompyuta ya DOS yenye laini mbili chini ya DESQview, programu inayoendesha kazi kadhaa kwa pamoja, na saraka yenye rekodi 212. Mpigaji wa laini ya kwanza anabonyeza kuhifadhi, na wa laini ya pili anabonyeza wakati huohuo. Programu zote mbili zinasoma hesabu, zote zinaona 212, zote zinaandika rekodi ya 213 mahali pamoja. Ya pili inaifuta ya kwanza. Lakini kwenye faharasa kila moja imeongeza mstari wake. Sasa faharasa ina mistari 214 na data ina rekodi 213. Jina la yule wa kwanza linaelekeza kwenye namba ya yule wa pili, na kama faharasa inahesabu kwa nafasi, kila rekodi itakayoongezwa baadaye nayo imesogea hatua moja. Hakuna ujumbe wa kosa unaotokea. Skrini ni nzuri, majina yapo, na namba ni za jirani.

Dawa yake ni kuweka kufuli kwenye faili wakati wa kuandika, na DOS inaliweza hilo tangu toleo la 3.0, ila kwa sharti kwamba SHARE.EXE, programu yake ndogo ya kufuli, imepakiwa. Bila SHARE, programu ikiomba kufungiwa sehemu ya faili inajibiwa kwa kosa namba 1, maana yake kazi hiyo haipo. Programu nyingi zilizoandikwa haraka haraka hazilitazami jibu hilo. Zinaendelea kuandika kana kwamba zimepewa kufuli. Ndiyo maana ushauri unaozunguka wa kuiondoa SHARE ili kuokoa kumbukumbu ni ushauri mbaya kwa mtu mwenye laini zaidi ya moja. Iweke kwenye AUTOEXEC.BAT, faili la amri za kuwashia kompyuta, kabla ya kuwasha DESQview, na usiiache na viwango vyake vya kawaida, ambavyo ni baiti 2048 za majina ya faili na kufuli 20. SHARE /F:4096 /L:40 inatosha kwa laini mbili au tatu. Kwenye CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS, andika FILES=50, kwa sababu kiwango cha kawaida cha DOS ni 8 tu, na saraka yenye data, faharasa na faili la kumbukumbu la kila laini inazimaliza mara moja.

Kuweka kufuli kwenyewe kuna utaratibu wake. Programu ikusanye kwanza majibu yote ya mpigaji, ndipo iweke kufuli, isome hesabu upya ikiwa ndani ya kufuli, iandike data, iandike faharasa, iachie kufuli, kisha ilifunge faili. Kazi hiyo yote haifiki sekunde moja. Anayeomba kufuli mapema, kabla mpigaji hajaanza kuandika maelezo yake, anajenga balaa: mpigaji akiinuka kufungua mlango wa nyumba yake, laini nyingine zote zinasimama. Ukikuta kufuli lina mtu, subiri nusu sekunde ujaribu tena, mara 10 au zaidi, kisha umwambie mpigaji kwa maneno yanayoeleweka kwamba saraka inaandikwa na laini nyingine na ajaribu baada ya muda mfupi.

Na faili lifungwe kweli, lisiachwe wazi mpaka mpigaji aondoke. DOS huandika ukubwa mpya wa faili kwenye orodha ya diski pale linapofungwa. Umeme ukikatika kabla ya hapo, rekodi ulizoongeza zinageuka vipande visivyo na mwenyewe ambavyo CHKDSK /F itavikusanya kwenye mafaili yenye majina yasiyo na maana. SMARTDRV, programu ya kuharakisha diski, nayo inaweza kushikilia maandishi kwa sekunde kadhaa kabla ya kuyapeleka kwenye diski. Ukiiandika SMARTDRV C bila alama ya kujumlisha, inaharakisha kusoma tu na maandishi yanakwenda moja kwa moja. Mwendo unapungua kidogo. Kwa saraka, kubali.

Kabla ya kuwafungulia watu, fanya jaribio hili. Ingia kwenye laini zote mbili, anza kuongeza rekodi kwenye kila moja, simama kwenye kuhifadhi, kisha bonyeza zote kwa pamoja. Rudia mara 20. Ukihesabu lazima ukute rekodi mpya 40 kwenye data na 40 kwenye faharasa. Ukikuta 39, usifungue.

Kosa la pili la laini mbili ni faili la kupokezana, lile ambalo BBS inaliandika kuiambia programu ya mlango ni nani aliyepiga. Kwenye mitambo mingi linaitwa DORINFO1.DEF na lina mistari 13: wa 4 unataja poti, wa 5 kasi, wa 7 na wa 8 majina ya mpigaji, wa 10 kama skrini yake inakubali rangi za ANSI, wa 12 dakika alizobakiwa nazo. Laini zote mbili zikiliandika kwenye folda moja, la pili linalifuta la kwanza, na saraka iliyofunguliwa na laini ya kwanza inaanza kuzungumza kwenye poti ya laini ya pili. Mpe kila laini folda yake na umalize. Kwenye faili la BAT linaloiendesha saraka kumbuka pia kwamba IF ERRORLEVEL 1 ni kweli kwa 1 na kwa kila namba iliyo juu yake. Kwa hiyo anza kuuliza kutoka namba kubwa kwenda ndogo. Ukianza na 1, kosa la 5 linalosema faharasa imevunjika litachukuliwa kama kutoka kwa kawaida, na hutajua mpaka baada ya wiki.

Modemu iwe imewekwa AT&C1&D2 na kuhifadhiwa kwa &W. Hiyo &C1 inaifanya ishara ya DCD, inayoiambia kompyuta kwamba modemu ya upande wa pili bado ipo, ifuate hali halisi ya simu. Kwenye &C0 ishara hiyo huwa juu muda wote, na mpigaji akikata katikati ya kuandika, saraka haijui; inabaki inamsubiri, laini inaonekana ina mtu mpaka asubuhi, na kama programu ni ile ya kufunga mapema, kufuli nalo limebaki. Piga, ingia kwenye saraka, anza kuongeza rekodi, kisha chomoa waya wa simu. Ndani ya sekunde chache BBS iwe imerudi kusubiri simu. Weka pia kikomo cha kukaa kimya, dakika 3 zinatosha. Wenye modemu mbili wakumbuke kuwa poti za COM1 na COM3 kwa kawaida zinatumia IRQ 4, yaani njia moja ya kukiita kichakataji, zote mbili, na COM2 na COM4 zinatumia IRQ 3. Modemu mbili kwenye COM1 na COM3 zitaelewana mpaka siku zitakapopokea simu pamoja.

Kuhusu skrini sitakaa sana. Kwenye biti 2400 kwa sekunde zinapita herufi 240, kwa sababu kila herufi inabeba biti 10. Skrini iliyojaa herufi 80 kwa mistari 24 inachukua sekunde 8. Saraka ya rekodi 600, mstari mmoja kila moja, inachukua dakika 3 na sekunde 20. Basi usianze kwa kumwaga orodha. Anza kwa kuuliza neno la kutafuta, simama kila baada ya mistari 22, na mwenye kutaka yote apewe faili la kupakua.

Kasi hiyohiyo ndogo ina hatari nyingine isiyoonekana. Modemu za zamani zisizo na usahihishaji wa makosa wa V.42 au MNP zinapitisha kelele za laini kama herufi, na kelele ikiangukia kwenye namba ya simu hakuna kitu cha kuigundua. Uliza namba mara mbili, ukubali tarakimu, alama ya kujumlisha na kistari tu, ukatae chochote zikitofautiana. Kataa pia namba fupi. Namba za dharura ni fupi, na mtu mwenye nia mbaya akiingiza moja kwenye saraka, modemu za watu wasio na hatia zitaipigia.

Sasa kubadilishana. FidoNet, mtandao wa BBS ulioanzishwa na Tom Jennings mwaka 1984, ilikuwa na orodha ya nodi, yaani BBS wanachama, inayotoka kila wiki, na anayetaka kujenga saraka leo asome kwanza jinsi ilivyotengenezwa. Ilikuwa maandishi ya kawaida, sehemu zikitenganishwa kwa mkato na nafasi zikijazwa mstari wa chini. Jina la faili lilibeba siku ya mwaka, NODELIST.032 ikiwa ya Februari mosi. Mstari wa kwanza ulikuwa na hesabu ya CRC ya biti 16 ya yote yanayofuata, hivyo faili lililoharibika njiani lilijulikana kabla halijatumika. Kila wiki hayakupelekwa maandishi yote bali tofauti: A ya kuongeza mistari, D ya kufuta, C ya kunakili, na mstari wa kwanza wa faili hilo la tofauti ulirudia mstari wa kwanza wa orodha ya wiki iliyopita. Usipolingana, tofauti hazitumiki, unaomba orodha nzima. Wengi wanaona huo ni usumbufu. Mimi naona ni heshima kwa data, na sijaona njia fupi iliyo salama zaidi.

La maana kuliko yote ni kwamba kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Mratibu wa mtandao mmoja alipeleka sehemu yake, na hakuna mwingine aliyeigusa. Saraka nyingi za BBS zinamruhusu yeyote kurekebisha rekodi yoyote, kisha zinapelekeana. Matokeo yake yanajulikana: BBS ya kwanza inaifuta namba iliyokufa, ya pili bado inayo, usiku inairudisha, na asubuhi namba imefufuka. Unaifuta tena, inarudi tena. Kila rekodi iandikwe ni ya BBS gani, na hiyo peke yake ndiyo ibadilishe. Ukifuta, usiondoe mstari. Acha alama ya kifo isafiri kama rekodi nyingine na ikae siku 90 angalau, ili BBS iliyokuwa imezimwa mwezi mzima ikirudi iikute.

Msiamue rekodi ipi ni mpya kwa kutazama saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ubao mama ikiisha, DOS inaamka Januari mosi 1980, na marekebisho yote ya BBS hiyo yanaonekana ya kale. Saa ikiwa mbele mwaka mmoja, rekodi yake mbovu inawashinda wote mwaka mzima. Programu nyingine zinaandika mwaka kwa tarakimu mbili, na kwao 00 ni ndogo kuliko 99. Mpe kila rekodi namba ya toleo, mwenyewe aiongeze kwa 1 kila anapobadilisha kitu, na kubwa ndiyo ishinde. Furushi la usiku, yaani rekodi mnazopelekeana, lipelekwe kwa Zmodem, njia ya kupitisha mafaili kwenye simu, yenye CRC ya biti 32. Kabla ya kulichanganya, inua laini zote kwa ATH1 ili wapigaji wakute ziko bize, hakikisha hakuna aliye ndani ya saraka, nakili data kwenye folda ya siku hiyo, ukiwa na folda 7 za kuzungusha, ndipo uchanganye, ujenge faharasa upya kutoka kwenye data na ulinganishe hesabu. Hesabu zisipolingana, rudisha nakala ya jana ufungue laini. Saraka ya jana ni bora mara nyingi kuliko ya leo yenye namba zilizosogea.

Narudi kwenye jambo lililonifanya niandike. Haya yote yakiwa sawa, bado saraka inaweza kusambaza namba mbaya kwa uaminifu mkubwa, ikiwa namba yenyewe haikuthibitishwa. Fikiria nyumba hiyo. Simu inaita saa 9 usiku. Mtu anainuka, anapokea, anasikia kimya au mlio mfupi unaojirudia, inakatika. Modemu iliyopiga imepata NO CARRIER, maana yake haikusikia modemu upande wa pili, na programu yake imepangwa kujaribu tena mara 10. Na BBS nyingine zimepokea rekodi hiyohiyo usiku uleule. Mtu huyo hana wa kumlalamikia, maana upande wa pili hakuna anayezungumza. Atadhani anatishwa.

Kwa hiyo rekodi mpya iingie kwenye foleni, isionekane kwa wapigaji wala kwenye furushi. Mwendeshaji apige kwanza kwa simu ya mkono, mchana, asikilize. Akisikia mtu, aombe radhi na rekodi ifutwe palepale. Akisikia mlio wa modemu, apige kwa modemu na apate CONNECT, kisha aone kwa macho yake jina la BBS linalolingana na lililoandikwa. Ndipo rekodi itoke, ikiwa na tarehe ya kuthibitishwa. Orodha za zamani zipitie foleni hiyohiyo, namba moja moja. Zisizopigiwa zihifadhiwe kama historia, namba zikiwa zimefichwa. Mwendeshaji asiyetaka namba yake itangazwe naye aheshimiwe. FidoNet iliandika Pvt mwanzoni mwa mstari na -Unpublished- mahali pa namba, na BBS hiyo ilibaki kwenye orodha bila kusumbuliwa.

Thibitisha upya kila siku 90, ndani ya saa zilizotajwa kwenye rekodi. BUSY ni habari njema, kuna anayeitumia. VOICE, kwa modemu zinazoitambua, ni amri ya kusimama mara moja, hakuna kujaribu tena. NO CARRIER inahitaji uangalifu, kwani mara nyingi kosa liko kwako. Rejista ya S7 ndiyo inayosema modemu isubiri sekunde ngapi kupata mlio wa upande wa pili. Ikiwa 30 na simu inakwenda mbali, muda unaisha kabla modemu hizo hazijamaliza kupatana. Weka S7=60. Ikitokea tena, siku nyingine na saa nyingine, ondoa rekodi kwenye furushi na uirudishe kwenye foleni. Usiiache iendelee kuonekana kwa matumaini. Wanaotumia laini za simu zinazopita kwenye intaneti waangalie kwanza kama mpangilio wa sauti ni G.711. Ule wa G.729 unabana sauti ya binadamu na unauvunja mlio wa modemu, na utawaonyesha BBS zilizo hai kama zimekufa.

Na siku mtu wa nje akilalamika kwamba anapigiwa, usisubiri furushi la usiku. Ondoa namba kwenye saraka yako dakika hiyo, weka alama ya kifo yenye toleo la juu, kisha chukua simu uwapigie kwa sauti waendeshaji wote unaobadilishana nao, mmoja mmoja, nao waondoe kwa mkono na kuzizuia programu zao za kupiga. Mpigie mlalamikaji kesho yake asubuhi umuulize kama usiku simu ililia.

Wako,
Mwendeshaji wa BBS